Kiungo cha Maziwa ya Docteur

Nilirudi kazini kutoka Opala na macho bado mazito. Tulikuwa tumemzika shangazi yangu huko, nikakaa kwenye matanga hadi ndugu wengine walipoanza kutawanyika, kisha nikapanda boti hadi Kisangani. Asubuhi ile niliingia dukani nikitaka kazi ya mikono tu, kazi isiyouliza maswali. Nikawasha mashine yetu ya kompyuta, nikafungua maagizo yaliyoingia nilipokuwa sipo.

Duka letu liko mtaa wa Makiso, na linauza vitu vya watoto wachanga: nepi, beseni, vyandarua vidogo, chupa za kunyonyeshea, maziwa ya kopo. Mwenye duka ni mama wa familia ya Kiislamu ya zamani ya mji huu, watu waliofanya biashara tangu kwa mababu zao. Alipoona wateja wa Banalia na Opala wanashindwa kufika mjini kila mara, alifungua duka jingine ndani ya simu. Mtu anaangalia picha, anachagua, anaandika mahali alipo, nasi tunafunga mzigo na kumpa dereva anayeelekea upande huo. Mimi ndiye niliyeajiriwa kutunza kurasa za duka hilo.

Watu wengi hudhani kazi hiyo ni kupandisha picha na bei. Sehemu yake ngumu ni vitu vilivyokoma. Kiwanda kinaacha kutengeneza, au muuzaji wa jumla anaacha kuleta, na bidhaa inatoka rafuni. Lakini kiungo chake, ile lien ambayo mtu anaibonyeza ili ukurasa ufunguke, hakitoki kwenye simu za watu. Kinabaki kwenye vikundi vya wamama, kwenye ujumbe ambao dada alimtumia dada yake mwaka jana, kwenye simu ya daktari anayekituma tena kwa kila mgonjwa. Anayekibonyeza ni lazima afike mahali fulani. Kazi yangu ilikuwa kuamua afike wapi.

Kigari cha bluu cha mtoto kilipokoma, nilikielekeza kwenye kile cha kijivu cha kiwanda hicho hicho, maana magurudumu na mikanda ni ile ile. Chupa yenye shingo nyembamba sikuielekeza kwenye ile yenye shingo pana. Mama ana chuchu za chupa yake ya zamani nyumbani, na hazitaingia. Pale niliacha ukurasa wenyewe, nikaandika kwamba chupa hii haipo tena, na chini yake nikaonyesha ile nyingine pamoja na tofauti yake. Ilikuwa kazi ya moja moja, ya polepole, na mwenye duka hakuipenda sana. Kwake, ukurasa unaosema hakuna ni mlango unaomrudisha mteja barabarani.

Kulikuwa na maziwa ya aina moja tuliyozoea kuyaita ya docteur. Yalikuwa ya watoto ambao miili yao inayakataa maziwa ya ng'ombe. Yalikuwa machungu, na ukifungua kopo yananuka kama kitu kilicholala, lakini kwa watoto wale hapakuwa na mengine. Muuzaji wa jumla alipoacha kuyaleta, niliondoa kitufe cha kununulia na kuacha ukurasa wazi na sentensi mbili: maziwa haya hayapatikani tena kwetu, usichukue mengine kabla ya kumwuliza daktari.

Asubuhi ile, kati ya maagizo ya nepi na vyandarua, nikakuta agizo la makopo ya maziwa ya kawaida, yale yanayouzwa kuliko yote. Mteja alikuwa baba mmoja wa Bengamisa. Katika kisanduku cha maelezo, ambacho watu huandikia mambo kama "piga simu ukifika", yeye alikuwa ameandika: "Ni ile ile ya docteur. Mutoto hawezi ile ingine."

Nilisoma tena. Nikatafuta njia aliyopitia. Mashine huonyesha mteja ametokea ukurasa gani, na yeye alikuwa ametokea kwenye kiungo cha maziwa ya docteur. Nikakibonyeza mwenyewe. Ukurasa wangu wenye sentensi mbili haukufunguka. Lilifunguka kopo la maziwa ya kawaida, zuri, na picha ya mtoto anayecheka, na chini yake kitufe kikubwa cha kununua.

Nikajaribu kiungo cha chupa yenye shingo nyembamba. Kikanipeleka kwenye chupa inayouzwa kuliko zote. Kigari, vivyo hivyo. Kila nilichokuwa nimekiweka kwa mkono kilikuwa kimefutwa.

Mwenye duka alikuwa nyuma ya meza, anakunywa chai ya maziwa na mkate. Nikamwuliza nani ameigusa tovuti. Akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba wakati nipo matanga alimlalamikia fundi wetu wa tovuti anayekaa Kinshasa kuhusu kurasa zilizokufa, na fundi akamtengenezea sheria moja tu: kila bidhaa isiyokuwepo imchukue mteja hadi ile inayouzwa zaidi katika rafu yake. Alikuwa amefurahi. Alisema tangu siku hiyo hakuna mteja aliyefika penye hakuna.

Nikamwambia kuhusu maziwa. Kwanza alijitetea. Alisema kopo limeandikwa, mtu anasoma kabla ya kununua. Basi nikamgeuzia mashine ili asome mwenyewe maneno ya yule baba. Alisoma, akaweka kikombe chini polepole sana. Halafu akasema mzigo wa Bengamisa umeondoka na gari la jana.

Tulipiga simu ya yule baba. Haikupatikana. Mwenye duka akampigia dereva, naye akasema mzigo ameuacha penye kituo cha magari Bengamisa, kwa mama anayeuza mafuta ya pikipiki, na kwamba mwenye mzigo alikuwa ameahidi kuuchukua asubuhi. Ilikuwa asubuhi tayari, jua limepanda. Nikapiga tena ile namba ya kwanza. Sauti ile ile ya mwanamke wa mtandao, kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala.

"Nenda," mwenye duka akaniambia. "Chukua pikipiki, nenda sasa hivi. Mimi nitabaki napiga."

Nilimchukua mwendesha pikipiki tunayemjua, papa wa makamo aliyezoea kubeba mizigo yetu, mtu asiyependa maneno. Nilimweleza kwa sentensi moja kwamba kuna mtoto atakunywa maziwa yasiyo yake. Alifunga kofia yake, tukavuka daraja la Tshopo, maji yakinguruma pembeni kiasi kwamba sikusikia kama simu yangu inaita au la, nikaishika mkononi njia nzima.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku uliopita. Barabara ya Banalia, ndiyo hiyo ya Bengamisa, ilikuwa na mashimo yaliyojaa maji mekundu, na malori mawili yamekwama yamepishana vibaya, watu wanachimba kwa majembe. Tulipita pembeni, msituni, matawi yakinipiga usoni. Sikuweza kuacha kufikiria jinsi ukurasa ule ulivyofunguka. Ningekuwa mimi baba yule, nimepewa kiungo na daktari, nimekibonyeza, kikanifungulia kopo, ningetilia shaka nini? Kopo limebadilika rangi. Viwanda hubadilisha rangi kila siku.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi, mti umelazwa juu ya madumu, na mwanaume mmoja anayetaka karatasi za pikipiki. Papa alizitoa. Yule mwanaume akazisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Nilishuka. Nilimwambia kuna mtoto mgonjwa Bengamisa. Akasema wote wanaopita hapa wana mgonjwa. Nilisimama tu mbele yake, na nadhani machozi ya matanga hayakuwa yamekauka bado, kwa sababu yalinitoka bila mimi kuyaita. Aliniangalia, akamwangalia papa, akaunyanyua mti.

Baada ya hapo mtandao ulikatika kabisa.

Bengamisa iko kandokando ya barabara, nyumba na vibanda vimejipanga kwa urefu, na soko katikati. Tulimkuta yule mama wa mafuta mbele ya chupa zake. Ndiyo, mzigo wa maziwa umechukuliwa. Mwenyewe ni mwalimu. Aliupitia kabla ya masomo, akaupeleka nyumbani, kisha akaenda shuleni. Alinionyesha shule kwa mkono mmoja na nyumba kwa mkono mwingine, na zilikuwa pande mbili tofauti.

Nilimwomba papa aende shuleni amwite baba. Mimi nikakimbia kuelekea nyumbani.

Nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye kiti cha mianzi chini ya paa la jikoni, mtoto mapajani. Baadaye nilijua kwamba mama wa mtoto yule alifariki wiki za kwanza baada ya kujifungua, na koko, mama wa baba, ndiye aliyebaki kumlea. Wakati ule niliona tu chupa mkononi mwake. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo sana chini.

Nilimsalimia, nikasema natoka dukani Kisangani. Uso wake ukafunguka kwa furaha. Alinikaribisha niketi. Aliniambia anashukuru sana kwa maziwa haya mapya, maana yale ya zamani mtoto alikuwa anapigana nayo, anageuza kichwa, analia, mpaka yeye mwenyewe anatamani kulia. Leo amekunywa bila kusumbua, ameishika chupa kwa mikono miwili. Naye koko alikuwa ameonja kwanza, kama anavyofanya siku zote.

"Hii iko tamu," akasema. "Wamefanya muzuri kuyabadilisha."

Nilipiga magoti mbele yake ili nimwone mtoto. Alikuwa binti wa miezi michache, mwenye nywele laini, macho yamelegea kama anayetaka kulala. Kuzunguka mdomo wake kulikuwa na vipele vyekundu, vidogo, kama vya mbu. Nilipofunua shingo, vilikuwa vimeshuka hadi kifuani. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Koko," nikasema, "haya si maziwa yake. Ni ya ng'ombe. Twende kituo cha afya, kwa infirmier, twende sasa."

Sidhani alinielewa mara moja. Aliangalia chupa, akaniangalia, na nikaona furaha ile ikimtoka usoni kidogo kidogo. Kisha mtoto akatapika, yote, kwenye kitenge cha koko, na katikati ya kutapika nikasikia pumzi yake ikipiga filimbi. Koko alisimama kabla yangu. Mwanamke yule wa umri ule alitembea mbele yangu kwa kasi, mtoto kifuani, na mimi nyuma nimebeba kopo, kwa sababu nilijua watatuuliza alichokunywa.

Kituo cha afya kilikuwa baada ya kanisa. Infirmier, muuguzi wa pale, alikuwa anamfunga mtu kidonda. Alipomwona mtoto alimwacha yule mtu na kitambaa kinaning'inia. Nilimpa kopo na kumweleza. Aliuliza maswali mafupi: amekunywa kiasi gani, lini, amewahi kupata hivi kabla ya leo. Koko akajibu kwamba ndiyo, mara moja, alipokuwa mdogo zaidi, na ndipo docteur wa Kisangani alipowakataza maziwa ya ng'ombe. Infirmier alikuwa anavuta dawa kwenye sindano huku anasikiliza. Alimchoma mtoto pajani.

Hatukuwa na la kufanya tena ila kumwangalia. Uso ulikuwa umevimba sasa hata jicho moja limefungika. Pumzi ilikuwa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida. Koko hakulia. Alimshika mguu mdogo, akawa anausugua kwa dole gumba, huku midomo yake inacheza bila sauti. Mimi nilisimama ukutani. Niliziangalia mbavu za mtoto zinavyoingia ndani, nikawa nangoja ziache kuingia.

Baba aliingia na chaki mikononi. Papa alikuwa amemleta kwa pikipiki na kumwambia kile alichokijua. Hakunitazama mimi kwanza. Alimwinamia mtoto, akamwita kwa jina lake la nyumbani, kisha akamwuliza infirmier kama ataishi. Infirmier akasema dawa imeanza kufanya kazi, tungoje, na kwamba ana nyingine tayari kama itahitajika.

Haikuhitajika. Filimbi ile ilipungua, ikarudi, ikapungua tena, mpaka nikagundua kwamba kwa muda sijaisikia. Mtoto alianza kulia kwa hasira, kilio kizima, chenye nguvu. Infirmier alicheka kidogo na kusema sasa hapo amerudi. Hata hivyo alitukataza kuondoka. Alisema kitu cha namna hii kinaweza kurudi, na mtoto lazima alale pale chini ya macho yake.

Ndipo baba akanigeukia. Alikuwa mwanaume mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alitoa simu mfukoni, akatafuta, akanionyesha ujumbe wa daktari wenye kile kiungo.

"Mama, nilibonyeza lien ya docteur," akasema. "Ile ile. Sikutafuta bei, sikutafuta ingine. Nilifungua mahali docteur alinionyesha, na nikaandika tena juu yake, ili musikose. Alors, mimi nilikosa wapi?"

Sauti yake haikuwa ya kugombana. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetafuta kosa lake ili asilirudie.

"Haukukosa, mwalimu," nikamwambia. "Ulipita njia uliyopewa. Sisi ndio tuliigeuza njia, hatukukuambia."

Nilimweleza yote, kuhusu bidhaa kukoma, kuhusu ukurasa uliokuwepo, kuhusu sheria ya fundi. Alisikiliza kama mwalimu, bila kunikatiza. Mwishoni aliuliza jambo moja: kama duka lilijua kwamba maziwa ya docteur yameisha, kwa nini halikusema tu yameisha? Nikasema lilikuwa linasema. Akasema, "Bon, lirudi kusema," akaenda kuketi karibu na mama yake.

Lakini tatizo la pili lilikuwa limebaki. Yale maziwa hayapo, na mtoto atakula nini? Infirmier alisema kwa siku ile maji na uji mwepesi wa mchele vitamtosha, ila haiwezi kuwa hivyo kila siku. Watu wa pale walinionyesha ukuta wa kanisa, upande wa nyuma, ambapo simu hukamata mtandao. Nilisimama pale na mgongo umegusa matofali, nikampigia mwenye duka.

Aliipokea kabla haijaita vizuri. Nilimwambia mtoto yuko hai. Nikasikia anamshukuru Mungu kwa Kiarabu, polepole, mara nyingi. Nilipomaliza kumweleza, akasema atampigia yule docteur mwenyewe. Nikangoja penye ukuta, mbuzi wananipita miguuni. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa nyingine, ya kibiashara. Docteur amesema kuna maziwa ya kiwanda kingine, yenye jina jingine lakini yanafanya kazi ile ile, na yanapatikana kwenye pharmacie moja, duka la dawa la mjini.

Nilijua pharmacie hiyo. Ni ya mtu ambaye yeye na mwenye duka hawakuwa wakisalimiana, kwa ugomvi wa zamani wa wateja.

"Nitaenda mwenyewe," akasema mwenye duka. "Usimtume mutu. Nitaenda."

Alienda. Baadaye muuzaji wa pale aliniambia kwamba aliingia amevaa kitenge cha nyumbani, hakuketi alipokaribishwa, akayataja maziwa kwa jina, akasoma kopo pande zote mbele ya kaunta, kisha akampigia docteur na kumsomea yaliyoandikwa neno kwa neno. Mzigo ulifika Bengamisa na gari la jioni ile ile. Infirmier naye alisoma kopo, akalinusa, akakunja uso. Koko alionja na kutema. Tulipoiona ile sura yake tulicheka sote, hata baba, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikahisi njaa. Jirani alituletea lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, nikala kama mtu aliyetoka kulima.

Niliporudi Kisangani kesho yake, mtoto akiwa ameamka na macho yote mawili wazi, nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kile kiungo kilikuwa bado kinapeleka watu kwenye kopo lenye mtoto anayecheka, na fundi wa Kinshasa hakuwa anajibu. Alipojibu, alisema sheria ile imefungamana na mambo mengine, akiiondoa yote duka litarudi kuwa na kurasa zilizokufa. Nilimwomba aiondoe kwenye rafu ya maziwa peke yake. Akasema nimwandikie, ataangalia wiki ijayo.

Nilimgeukia mwenye duka, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mama, leo kuna mtu mwingine anaweza kubonyeza," nikasema.

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Hakumpandishia fundi sauti. Alimwambia kwamba amebeba kopo hilo kwa mikono yake na kulifunga kwa ajili ya mtoto yule, na kwamba hatafungua duka la simu tena mpaka sheria iondoke. Kama duka litabaki limefungwa, basi. Fundi aliiondoa tukiwa bado tunamsikia kwenye simu, tukisikia anavyobonyeza vitufe vyake.

Kisha nilianza upya, kitu kimoja kimoja. Mwenye duka aliketi kando yangu siku ile na siku zilizofuata, na hatukukubaliana kwa kila kitu. Kwa beseni na nepi alitaka mteja apelekwe moja kwa moja kwenye kilichopo, nikakubali. Kwa dawa za kuogea watoto tulibishana mpaka chai ikapoa. Kwa maziwa hakubisha hata kidogo. Ukurasa wa maziwa ya docteur ulirudi na sentensi zake mbili, na yeye akaniambia niongeze ya tatu: kwamba kuna maziwa mengine ya namna hiyo mjini, na jina la pharmacie ile, na kwamba docteur ndiye atakayesema kama yanafaa. Nilimwuliza kama ana uhakika kuhusu kuandika jina lile. Akaniambia niandike kabla hajabadilisha moyo.

Usingizi wangu ulichelewa kurudi. Kwa majuma mengi nilikuwa naamka na kufungua viungo vile kwenye simu, kimoja baada ya kingine, kuona vinafungua wapi, na hata nilipoviona viko sawa sikuamini. Nilikuwa naona watu nisiowajua, kila mmoja na simu yake, wanabonyeza kwa imani. Sijui kama hofu ile ilikuwa ya maziwa peke yake. Nilikuwa nimetoka kumzika shangazi. Mambo mawili yalikuwa yameingia mlango mmoja.

Miezi kadhaa baadaye mwalimu alikuja mjini na mama yake na mtoto, kumwona docteur, wakapita dukani. Mtoto alikuwa mnene, anatambaa kati ya mabeseni, anavuta kila kitu. Mwenye duka alimbeba na hakumweka chini kwa muda mrefu. Alimwambia koko maneno ambayo alikuwa hajamwambia mtu mbele yangu, kwamba anaomba msamaha, na koko akamshika mkono.

Halafu koko akataka kuuona huo ukurasa. Nilimfungulia kwenye simu ya mwanawe, kwa kiungo kile kile cha docteur. Aliangalia maandishi kwa muda, kisha akanirudishia.

"Mimi sijuwi kusoma," akasema. "Na mutoto iko anashinda na mimi. Weka sauti pale, mutu asikie."

Hatukuwa tumelifikiria hilo hata siku moja. Mwalimu alisema inawezekana, wanafunzi wake wanatumiana sauti kutwa nzima. Nilimwambia ndiyo, inawezekana. Tulitafuta nani aseme, nami nilidhani nitakuwa mimi. Lakini mwenye duka alimkabidhi koko mtoto, akafunga mlango wa barabarani ili makelele ya pikipiki yasiingie, akaketi mbele ya simu na mgongo umenyooka. Alisema sentensi zile tatu kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Lingala. Mara ya kwanza sauti yake ilikatika katikati. Akanywa maji, akaniambia nifute, akaanza tena.